Vitambaa Vyekundu Katika Mpunga

Ng'ambo ya daraja la Tshopo, ukishika njia ya Buta, mashamba ya mpunga yalifanana kama watoto wa tumbo moja, isipokuwa la Mama Générose. La kwake lilikuwa na vijiti. Kila kijiti kilikuwa na kitambaa kichwani, chekundu hapa, cheupe pale, na watu waliopita juu ya toleka, zile baiskeli za abiria, waligeuza shingo na kuuliza kama pale kuna harusi au kuna mganga.

"Ni mganga," alikuwa anajibu bila kuinua mgongo. "Lete mama-mukwe wako nimutibishe."

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu kama mti wa pilipili, na mdomo wake ulijulikana toka Mangobo mpaka soko kuu. Mumewe Télesphore, fundi wa baiskeli, mtu wa maneno machache, alisema kwamba yeye alioa wanawake wawili kwa mahari ya mmoja: mmoja wa kulima na mwingine wa kusema, na wote wawili hawajui kupumzika.

Vijiti hivyo havikutoka kwa mganga. Kabla ya vita, Générose alikuwa kibarua katika shamba la majaribio la agronome mmoja, mtaalamu wa kilimo, papa Isaïe, mtu wa Lubero, kule milimani kwenye baridi ambako watu hulima ngano. Papa Isaïe alipenda kusimulia ngano ya kwao kama mlevi anavyopenda kusimulia chupa. Baba yake, alisema, hakumwaga mbegu ovyo kwenye mteremko. Aliugawa vipande. Juu, udongo mwembamba. Katikati, udongo mnene. Chini, maji yanasimama. Kila kipande kilipata mbegu kwa kipimo chake na mbolea kwa kipimo chake. "Ngano ukiinyima inakonda," alisema, "na ukiishibisha kupita kiasi inarefuka, halafu inalala chini. Kwanza angalia. Kulisha kutakuja nyuma."

Vibarua wengine walicheka. Ngano Kisangani, katika joto hili la kuivisha mayai? Générose hakujali ngano. Alijali neno moja tu, kulala chini, maana mpunga wake kila mwaka ulilala upande mmoja na kufa njaa upande mwingine, na yeye alikuwa akilaumu ndege, mvua na wakwe.

Basi msimu mzima alizunguka shamba lake akiangalia. Wapi majani yanageuka manjano mapema. Wapi magugu yananenepa. Wapi jembe linaingia bila kusukumwa. Kisha akachana kikwembe chake cha zamani, chekundu, akafunga vitambaa mahali udongo ulipochoka: pale aliweka majivu ya jiko na mavi ya kuku, na mbegu akaziachia nafasi. Mahali penye nguvu alifunga vitambaa vyeupe vya mfuko wa unga, na hapo hakuongeza kitu. Majirani walimwona anapima majivu kwa kikombe wakasema vita imemfikia kichwani kabla ya kuufikia mji.

Vita ikafika kweli. Mwezi wa sita mwaka 2000, majeshi mawili ya wageni yalipigana katikati ya mji wa wenyewe. Kisangani wanaiita Vita ya Siku Sita, kana kwamba kuhesabu siku kunapunguza wafu. Générose, Télesphore na watoto walikimbilia porini pamoja na watu wote wa upande ule. Chakula walichobeba kiliisha. Wakala mpunga wa mbegu. Si wao tu. Kila nyumba ilikula mbegu yake, kwa aibu, usiku, kila mmoja akidhani jirani yake bado ana akiba.

Waliporudi, shamba lilikuwa hai. Mpunga ulikuwa umebeba masuke, na kwa mara ya kwanza tangu Générose aolewe, shamba zima lilikuwa na kimo kimoja, kama nywele zilizokatwa na kinyozi anayejua kazi. Penye vitambaa vyekundu palikuwa pamejaa sawa na penye vyeupe. Alisimama kando ya njia akitazama, na macho yakamuuma.

"Hé, mama! Usiingie! Simama hapo hapo!"

Juu kidogo, askari walikuwa wameweka barrière ya kufunga njia: gogo moja, kamba, na bâche, turubai la buluu. Aliyepiga kelele alikuwa koplo wao, kijana mwenye mabega mapana aliyeitwa Lambert. Alikuja mbio mpaka ukingoni mwa shamba, akasimama kabla ya majani.

"Hauoni alama? Nyekundu ni mine! Bomu ya kufukia chini! Mguu moja tu, mama, unaenda kwa Mungu vipande vipande."

Générose akafungua mdomo. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi, limevaa viatu: mjinga wewe, ile ni kikwembe yangu. Lakini nyuma ya mabega ya Lambert aliona rundo la miganda ya mpunga chini ya bâche. Mpunga mbichi, uliokatwa kabla ya kukauka. Aliutambua kwa urefu wake na kwa ubovu wa ukataji. Ulikuwa wa shamba la Colette, jirani yake wa chini. Askari walikuwa wamelifyeka na kusema ni effort de guerre, mchango wa raia kwa vita. Na shamba la juu lilikwenda hivyo hivyo. Kati ya hayo matatu, la kwake tu lilibaki limesimama.

Akafunga mdomo.

"Aksanti, chef," akasema. Télesphore angesikia neno hilo, angemgusa paji la uso kuona kama ana homa.

Kwa kweli naye aliogopa. Vitambaa vilikuwa vyake, lakini askari walipita humo katika siku zile, na nani ajuaye waliacha nini? Alingoja mvua kubwa, ile inayowafungia watu wa barrière chini ya bâche yao, akaingia kutoka upande wa chini akiinama. Alikwenda kipande kwa kipande. Alijua kila mahali pale kama mama anavyojua kichwa cha mtoto anayemsuka. Udongo uliochimbwa na kurudishwa hauwezi kujificha mbele ya mtu aliyeupima kwa kikombe. Alikuta maganda ya risasi na kiatu kimoja cha askari kimejaa maji. Hakuna kingine. Alitoka ameloa mpaka kwenye mifupa, anatetemeka, anacheka peke yake.

Kicheko hakikudumu. Mpunga ulikuwa umeiva. Ukiachwa, ndege wangeanza, kisha upepo wa mvua, kisha punje zingeanguka zenyewe. Mwanamke mmoja hawezi kulimaliza shamba lile, na Télesphore mguu wake uliojeruhiwa porini haukumruhusu kuinama. Kulikuwa na njia moja: likelemba, kundi la wanawake wanaolima kwa zamu, leo kwangu, kesho kwako. Zamu ilikuwa ya Générose.

Walikutana uani kwa Colette, aliyekuwa mkubwa wa kundi. Colette alikuwa mfupi, mnene, mwenye sauti ya kwaya. Tangu shamba lake liliwe alikuwa anauza lotoko, ile pombe kali, na wanunuzi wake wazuri walikuwa askari wa barrière. Générose alilijua hilo. Lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Zamu yangu," alisema. "Tunakata kesho."

Mama Annette, mzee kuliko wote, akatema mate pembeni.

"Kwako? Hapana. Mimi niko na miguu mbili, Générose, na ninazipenda zote mbili."

"Nitatangulia mimi. Mutafuata."

"Utatangulia mbinguni. Sisi tutafuata nini, viatu vyako?"

Wakacheka, lakini vibaya, macho chini.

"Bon," Générose alisema. "Mwezi wa tisa mutapanda nini? Annette, uko na mbegu? Nani hapa iko na mbegu, anyoshe mukono." Hakuna mkono. "Mulikula. Na mimi nilikula. Upande huu wote mpunga uliobaki ni ule. Musipokata ule, mwezi wa tisa mutapanda majivu."

Waliondoka mmoja mmoja. Colette akabaki anaosha chupa zake, mgongo umemgeukia.

Générose alisimama uani pale muda mrefu kuliko ilivyofaa. Akimwambia Colette ukweli, na Colette akaropoka neno moja tu mbele ya mnunuzi mlevi, jioni ile ile askari wangekuwa ndani ya mpunga na visu. Asipomwambia, wanawake hawangekuja, maana walimfuata Colette, hawakumfuata yeye. Ulimi wa mwingine ni nyumba isiyo na mlango. Na wa kwake, je? Huo nao ulikuwa na mlango tangu lini?

"Colette, twende kwa maji."

Kwenye chemchemi hapakuwa na mtu. Générose akasema yote kwa pumzi moja: vitambaa ni kikwembe changu, hakuna mine, niliingia siku ya mvua, niko mzima, unaniona.

Alitegemea Colette acheke. Colette hakucheka. Aliweka ndoo chini taratibu.

"Toka lini unajua askari banaogopa vitambaa?"

"Toka siku tulirudi."

"Siku ile shamba yangu ilikuwa imekwisha. Lakini ya mwenzetu Précieuse ilikuwa imesimama. Ya Odile ilikuwa imesimama. Walikatiwa wiki ile ile, wewe ukiangalia. Kikwembe iko kubwa, Générose. Haungeweza kuchana vipande vingine?"

"Kama mashamba yote ingekuwa nyekundu, nani angeamini?"

"Hiyo ndiyo uliwaza, ao umeitafuta sasa hivi?"

Générose aliyatazama maji yanavyotoka kwenye bomba la mwanzi, akajua kwamba hakuwaza kitu siku ile. Aliona shamba lake limesimama, akafurahi, akanyamaza. Basi.

"Nitakuja," Colette akasema mwishowe. "Na wengine watakuja, mimi nitawaleta. Lakini mbegu itagawanywa kwa wote, na mimi nitachagua wa kwanza. Na hawa mama hatuwaambii. Annette akijua saa hii, kabla jua halijashuka watu mpaka Ubundu wameshajua."

"Wataogopa bure."

"Wewe uliona vizuri kuwaacha walale njaa bure. Sasa unawahurumia?"

Asubuhi walikuja. Colette aliwaambia nini, Générose hakuuliza. Walifika na visu vyao na vitunga, midomo mikavu, Annette na rozari shingoni. Générose akashika fimbo akatangulia, akiigonga ardhi mbele yake, na akawaamuru waweke nyayo ndani ya nyayo zake, si pembeni hata kidogo. Mstari mmoja, kama siafu. Alipofika kwenye kijiti chekundu alikizunguka kwa mbali, na mstari wote ukazunguka. Nyuma yake alisikia Annette akisali Salamu Maria bila kufika mwisho, akirudi kila mara mwanzo.

Walikata masuke mkono kwa mkono. Hakuna aliyeimba. Likelemba isiyoimba ni kama msiba uliosahau maiti. Kila mwanamke alikata pale mkono ulipofika bila kusogeza miguu, kisha akangoja Générose aje amwonyeshe mahali pa kukanyaga. Kazi ilikwenda polepole, lakini ilikwenda. Vitunga vilianza kuzama chini kwa uzito. Huko juu, watu wa barrière walikuwa wamesimama juu ya gogo lao wakitazama, na mara kwa mara mmoja alipiga mluzi.

Jua lilipopanda, Lambert alishuka. Alisimama ukingoni, bunduki begani.

"Nyinyi mama! Namna gani hamulipuki?"

"Tunaomba Mungu, chef," Générose akajibu. "Na tunaangalia."

"Munaangalia nini?"

"Udongo."

Hilo lilikuwa kweli tupu, na lilimtoka vizuri. Lambert aliwatazama, akakitazama kijiti chekundu kilichokuwa karibu naye, kichwa kikainama upande kama cha kuku anayechunguza mdudu. Kisha akashusha bunduki na kulenga.

Mlio ulipasua bonde lote. Kijiti kikaruka, kitambaa kikaangukia masuke. Wanawake wakalia kwa sauti moja.

Katika nusu ya pumzi ile Générose aliona mambo yote. Wakikimbia, kwisha. Watu wanaokimbia ovyo katika shamba la mabomu bila bomu kulia: hata mjinga angeelewa. Akageuka kuwapigia kelele wasikimbie, na akakuta hawakimbii. Walikuwa wamekauka pale pale, mguu mmoja nyuma ya mwingine, mikono kichwani, maana kwao kifo kilikuwa pande zote. Annette alikuwa amekojoa, mkojo unashuka kwenye kikwembe chake, na bado hakusogeza kisigino.

Aliyeinua mguu alikuwa Colette. Colette peke yake alijua kwamba ardhi ile ni salama, na mwili wake ulilikumbuka jambo hilo kabla ya akili. Alikuwa tayari amegeukia chini, kuelekea mtoni, kitunga mkononi. Générose akamkamata kikwembe kwa nyuma akakivuta kwa nguvu zake zote, na Colette akarudi kwenye mstari akihema.

"Mbona haikulipuka?" Lambert akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Ilikuwa na njaa.

Générose alitafuta neno. Mdomo ule uliojulikana toka Mangobo mpaka soko kuu ulikuwa mkavu, na ulimi umelala ndani yake kama mtu aliyekataa kuamka.

Annette ndiye aliyejibu. Alijibu akilia, kwa hasira ya mtu mzima aliyeaibishwa mbele ya watu.

"Ulitaka ilipuke? Uko na mama, wewe? Mama yako anajua unapiga risasi kwa bomu, na batu bamesimama katikati? Ingia wewe basi! Ingia utafute yenye italipuka! Weka mguu, tuone, shetani wewe, weka!"

Hakuna mtu aliyefundishwa kusema uongo angeweza kusema hivyo. Lambert aliinua kiatu chake. Alikishika hewani juu ya majani ya kwanza ya mpunga. Huko barrière wenzake walikuwa wanamtazama. Kiatu kilikaa hewani, Générose akakitazama mpaka akaona misumari ya soli yake, na akahisi mkono wa Colette umemshika kiuno kwa nyuma, unabana mpaka ngozi inauma.

Kiatu kikarudi njiani.

"Effort de guerre," Lambert alisema, akitazama pembeni. "Ule kitunga. Leteni."

Alikuwa ananyoshea kidole kitunga cha Colette, maana ndicho kilikuwa karibu. Kilikuwa kimejaa kupita vyote. Colette alikuwa amekikata kwenye kipande cha kitambaa cheupe, punje nzito kama shanga. Colette aliweka nyayo zake katika nyayo za Générose mpaka ukingoni, akakiweka kitunga chini mbele ya kiatu kile, akageuka, akarudi kwa nyayo zile zile. Générose hakusema kitu, na safari hii alijua uzito wa kunyamaza kwake.

Walikata mpaka mchana ukawa unainama. Walitoka kwa upande wa chini, mstari mmoja, vitunga vichwani, wakapita njia ya mtoni wasipite barrière.

Ni uani kwa Colette, mpunga ukiwa umemwagwa juu ya mikeka, ndipo Générose aliwaambia. Hakuna aliyemwomba. Colette alimkazia macho na kutikisa kichwa, lakini alisema hivyo hivyo, amesimama, fimbo bado mkononi: hamna mine. Haikuwako. Ni kikwembe yangu.

Kwanza hawakuelewa. Kisha Précieuse akaanza kucheka, kicheko kile kinachokaribia kilio. Annette hakucheka. Alinyanyuka, akaja mpaka mbele yake, mdogo, kikwembe chake bado na alama ya mkojo uliokauka.

"Nilikojoa mbele yenu, nyinyi watoto wangu."

"Ndiyo, mama."

"Kwa ajili ya kitambaa."

"Ndiyo, mama Annette. Ungejua, ungekimbia. Lakini si hiyo ilinifanya ninyamaze. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa midomo yenu."

"Midomo yetu! Wewe!" Annette aligeukia wengine kuwashuhudisha. "Générose anaogopa midomo ya batu!" Sasa ndipo walicheka, wote, na kicheko hicho hakikumhurumia hata kidogo. Akakipokea. Annette alimtandika kofi moja begani, la kweli, la kuuma, kisha akarudi kukaa. "Mimi kwa shamba lako sitaingia tena. Najua hakuna kitu. Miguu yangu haijui."

Hakuna aliyembishia.

Wakaanza kugawa. Mafungu ya mbegu yalipangwa juu ya mkeka, na Colette, kama walivyopatana, akachagua wa kwanza. Alichukua muda wake. Aliuma punje, akatema, akauma nyingine. Alipoweka mkono juu ya fungu la mpunga mzito, Générose alichuchumaa kando yake.

"Usimwage yote kwa kipimo kimoja. Shamba lako, wapi maji yanakaa?"

"Unataka nini tena na shamba langu?"

"Nijibu."

Colette alifikiri. Ilionekana hakuwahi kuulizwa swali hilo. "Chini, karibu na mti wa matunda ya safu. Na juu kuna mahali mpunga unakufa kila mwaka, sijui kwa nini."

"Juu weka majivu, na mbegu kidogo. Chini panda mwisho, maji yakipungua. Nitakuja kukuonyesha, tutaweka vijiti."

"Vijiti, sawa," Colette akasema akikusanya mbegu zake kwenye kikwembe. "Lakini nyekundu kwangu, hapana. Wewe na nyekundu yako mumemaliza kitunga changu. Utatafuta rangi ingine."

"Buluu," akasema Précieuse.

"Buluu ni bâche ya askari, watasema tumeiba."

"Basi kijani."

"Kijani katika mpunga? Utaiona na macho gani?"

Générose aliwaacha wagombane. Alihamia kwa Annette, akachuchumaa, akamwekea fungu lake mapajani, akamuuliza taratibu kwake maji yanakaa wapi.